Zimwi la jukwaani lina sura ya nani? Jibu kwa mwalimu wa Bahi

Swali, kwa kifupi: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili sekondari moja huku Bahi, Dodoma, na ndo mlezi wa klabu ya maigizo. Mahafali ya fomu foo yanakuja, vijana wameamua kuigiza ile hadithi ya zimwi lililomeza kijiji kizima. Ishu ni zimwi lenyewe. Wengi wanataka liwe bibi kizee mwenye macho mekundu na kibiongo, wengine wanataka barakoa za plastiki za kununua mjini. Mi roho inasita ila sina hoja ya kuwapa. Wenzetu huko duniani mazimwi yao ya stejini wanayafanyaje? Litishe au lichekeshe? Liongee au lingurume tu? Na bajeti yetu ni ndogo sana."

Marahaba mwalimu, na hongera kwa kuibeba hiyo klabu, maana najua mlezi wa maigizo mara nyingi ndo huyo huyo anayetafuta nguo, anayembembeleza mkuu wa shule na anayenunua maandazi ya mazoezi kwa hela yake.

Nianze na hapo roho inaposita kwasababu ndo penyewe. Zimwi kwenye hadithi ya kusimuliwa kila mtoto analichora kichwani mwake anavyojua, ila likipanda stejini lazima lipewe sura, mgongo, sauti, mwendo, na hivyo vyote watu huviazima kwa mtu wanayemfahamu, na karibu kila mahali duniani wanaanza kuazima kwa yule ambaye jamii tayari inamwogopa au imemchoka: mgeni, mwenye dini nyingine, mwenye mwili tofauti, mwanamke mzee anayeishi peke yake. Igizo likiisha watu wanarudi makwao na njiani wanakutana na mwenye ile sura. Huyo bibi wa macho mekundu vijana wako hawakumtunga, wamemkuta. Kanda ya Ziwa na Tabora vikongwe wamekatwa mapanga miaka na miaka kwa hayo hayo macho, na sisi tuliokulia kwenye tembe tunajua yanakuwaje mekundu, mtu amepika na kuni mbichi, na kuni zikikosekana anapika na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, maisha yake yote. Sasa umpake kijana macho mekundu mbele ya wazazi wote wale, shujaa aje na panga apasue tumbo, na watu washangilie! Hapana mwalimu, hapo nasema kabisa hapana, na hoja ya kwanza ya kuwapa vijana ni kumuuliza kila mmoja macho ya bibi yake yana rangi gani.

Hoja ya pili ni kwamba haya yameshatokea kwa wengine na tunaweza kuyaangalia. Mwalimu Nyerere alitafsiri igizo la Shakespeare la mfanyabiashara wa Venice akaliita Mabepari wa Venisi, likatoka 1969, naamini maktaba yenu haikosi nakala. Mle ndani kuna Shylock, Myahudi mkopesha fedha anayedai ratili ya nyama ya mdeni wake. Sasa kumbuka Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 na walikuja kukubaliwa tena kwenye 1656, yaani watu waliojaa kwenye ile tamthilia miaka ya 1590 wengi wao Myahudi anayeishi kwa dini yake waziwazi hawakuwahi kumjua, walijua stori tu, na stori ndo inayotengeneza zimwi. Lakini Shakespeare alifanya kitu kimoja cha ajabu, alimpa zimwi lake nafasi ya kuongea. Shylock anasimama anauliza kwani Myahudi hana macho, hana mikono, ukimchoma hatoki damu, ukimtekenya hacheki, ukimpa sumu hafi? Kile kipande kimewasumbua waigizaji karne na karne. Charles Macklin mwaka 1741 alimtoa Shylock kwenye uchekeshaji akamfanya mkali wa kuogopesha, Edmund Kean mwaka 1814 akaingia London na wigi jeusi badala ya lile jekundu lililozoeleka akamcheza kama mtu aliyeumizwa. Alafu nenda Vienna mwaka 1943, Wanazi wanatawala, igizo ni lile lile na Shylock anachezwa na Werner Krauss, safari hii kwa makusudi ya kuchukiza, wakati Wayahudi wengi wa mji ule walikuwa wameshasombwa. Igizo kwa sehemu kubwa lilibaki lile lile, kilichobadilika zaidi ni uchezaji na nia ya waliolipandisha. Kwahiyo usiseme skripti iko sawa ukaacha vijana wavae wanavyotaka. Kwenye zimwi, kuvaa na kutembea ni nusu ya maana.

Na sisi wa Dodoma tuna sababu ya ziada ya kulielewa hili. We angalia vichekesho vya Kibongo kwenye luninga na kwenye simu, mtu akitaka kicheko cha haraka anamtoa Mgogo ombaomba na lafudhi ya kubandika, au Mmasai mlinzi asiyeelewa kitu, au mtu anayechechemea. Mtoto wa Bahi akienda Dar kusoma anakuta ameshachezwa kabla hajafika, anaanza kuficha anakotoka. Waambie vijana wako hivyo hivyo. Wao wenyewe ni zimwi dogo la mtu mwingine, wanajua linavyouma, hawana haja ya kumtafuta bibi wa kumrushia.

Sasa swali lako la liongee au lingurume, hili nalipenda sana na nitakaa nalo.

Kitabu cha Mary Shelley kuhusu Frankenstein, msomi aliyeunda kiumbe hai, kilitoka 1818, na mle ndani kiumbe huyo anaongea kwelikweli, anajifunza lugha kwa kuchungulia familia moja kupitia upenyo wa ukuta, anasoma vitabu, anamlaumu aliyemuumba kwa hoja nzito. Mwaka 1823 kikapandishwa stejini London kwa mara ya kwanza, igizo la Richard Brinsley Peake, na kiumbe akacheza T. P. Cooke. Wakamnyang'anya sauti. Hasemi neno, anaguna, anarukaruka, mwili umepakwa rangi ya kibuluu. Na kwenye karatasi ya kutangaza majina ya waigizaji, mahali pa jina la mhusika waliweka vistari tu, yaani hana jina. Mama Shelley mwenyewe alikwenda kuangalia na vile vistari alivipenda. Lakini ona kilichofuata, miaka mingi tangu hapo watu wengi duniani wanalijua lile dude lisilosema, linatembea kama gogo, na yule msomaji wa vitabu aliyekuwa anaomba kupendwa amesahaulika. Ukikinyima kiumbe maneno unampunguzia mtazamaji kazi ya kufikiri, anabaki na kazi moja tu ya kuogopa.

Wa pili ni Caliban, kwenye igizo la Shakespeare la dhoruba la mwaka 1611 hivi. Huyu ndo mwenye kisiwa, Prospero amekuja kwa maji amemfanya mtumwa, na anaitwa zimwi tangu mwanzo hadi mwisho. Mwishoni mwa karne ya 19 mwigizaji mmoja wa Uingereza, Frank Benson, alikwenda kuwatazama nyani ili ajue Caliban atembeeje, akawa anaingia na samaki mdomoni, samaki kabisa. Watu walikuwa wanasoma mambo ya Darwin, kwamba binadamu na nyani wana asili moja, na wanatawala sehemu kubwa ya dunia, zimwi lao likatoka na sura ya mtu ambaye bado hajawa mtu. Mwaka 1969 mwandishi Aimé Césaire wa Martinique akaliandika upya lile igizo kwa Kifaransa, Caliban akiwa mtumwa mweusi, na unajua neno la kwanza Caliban analolitamka akiingia stejini ni lipi? Uhuru! Kwa Kiswahili chetu, katikati ya igizo la Kifaransa lililoandikwa na mtu wa visiwa vya Karibi. Prospero anakasirika anasema umeanza tena lugha yako ya kishenzi. Na baadaye Caliban anakataa jina, anasema niiteni X. Kila nikisoma pale mwili unasisimka, maana hicho ndo kipimo, siku zimwi linapofungua mdomo na kusema la kwake, watazamaji wanalazimika kumwangalia upya na yule aliyekuwa anaitwa shujaa.

Kwahiyo jibu langu ni liongee. Lisiongee sana, lakini liwe na kipande chake.

Kuhusu namna ya kulitengeneza bila hela, kuna wakubwa wamefanya hivyo kwa kuchagua na sio kwa umaskini. Joseph Merrick alikuwa kijana wa Uingereza mwenye ugonjwa uliomvimbisha kichwa na viungo, walimzungusha kwenye maonyesho watu wanalipa kumwona, akafia hospitali London mwaka 1890 akiwa na miaka 27. Bernard Pomerance akaandika igizo juu yake mwaka 1977, na mwigizaji wa Merrick hapakwi kitu, habandikwi kitu. Kuna onyesho daktari anaonyesha picha za Merrick halisi anaeleza kichwa kikoje, mkono ukoje, mguu ukoje, na pembeni mwigizaji mwenye mwili wake wa kawaida anaanza kujikunja polepole, kiungo kimoja baada ya kingine, hadi amefika kwenye umbo lile. Na anabaki hivyo igizo zima. Mtazamaji ulemavu anauona kwenye picha, kwa mwigizaji anamwona mtu, na hawezi kujificha nyuma ya kushangaa mekapu. Hiyo haihitaji hata shilingi ila inahitaji kijana mwenye nidhamu ya mwili na mazoezi ya kutosha, na wewe kumwangalia asijiumize mgongo.

Wajapani kwenye noo, tamthilia yao ya zamani sana, wana barakoa inayoitwa hannya: pembe mbili, mdomo umepasuka hadi karibu na masikio, meno yanang'aa. Ni mwanamke ambaye wivu na kuumizwa vimemgeuza jini. Uchongaji wake ni wa hali ya juu, akiinua uso inatisha, akiinamisha kidogo inageuka uso wa mtu anayelia. Barakoa ni hiyo hiyo, shingo ndo inafanya kazi. Ndiyo maana hizo za plastiki za mjini mi sizitaki, zimetengenezwa kupiga kelele muda wote, ukiziinamisha hazisemi kitu kingine, na mtoto akiivaa nusu saa kwenye joto la huku anaishiwa pumzi. Na kitu kingine kutoka noo, kwenye igizo la Aoi no Ue, bibie mgonjwa anayeandamwa na hilo jini hachezwi na mtu yeyote, wanatandaza kanzu yake mbele ya jukwaa basi, kanzu imelala pale na wote mnajua kuna mtu anakufa. Kitenge kimoja mwalimu!

Karibu na nyumbani kuna mambo mazito zaidi. Wamakonde, wa Msumbiji na wa kwetu kusini, wana barakoa za mapiko zinazotoka kwenye mambo ya jando, na kati ya hizo sura zimo za Mzungu, za askari, za wageni waliokuja na amri. Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji wana Gule Wamkulu, ngoma kubwa ya chama cha Nyau ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005, humo wanacheza wanyama wa porini, mizimu ya wafu, wafanyabiashara ya watumwa, na siku hizi hata pikipiki na helikopta. Kuna Simoni, uso mwekundu, huyo ni mkoloni. Angalia tofauti hapo: zimwi limeazima sura ya mwenye nguvu, yule ambaye mchana huwezi kumcheka. Hapo naona barakoa inafanya kazi ya heshima. Ukichukua sura ya mnyonge unamwongezea mzigo, ukichukua ya mwenye rungu unawapa watu pumzi. Lakini tafadhali msinakili hizo barakoa kwenye simu mkazipeleka mahafali, zina wenyewe na zina siri zao za unyago na jando, kama ambavyo Wagogo tuna mambo yetu ambayo hatutaki kuyaona yanachezewa. Jifunzeni akili yake, sura tungeni ya kwenu.

Litishe au lichekeshe? Vyote viwili na kwa mpangilio huo, kwanza litishe. Kicheko kikianza mapema hakuna atakayeogopa tena, wakati hofu ikitangulia kicheko kinakuja chenyewe na kinakuwa na maana.

Mwisho wa zimwi nao ufikirieni, sio lazima wote waishe kwa kuchinjwa. Kule Bali, Indonesia, Rangda mchawi mwenye ulimi mrefu anapigana na Barong na hakuna anayemmaliza mwenzake, kesho wanapigana tena. Na Athens mwaka 458 KK, mwandishi wa maigizo Aeschylus alipandisha kundi zima la mazimwi wa kike wanaofukuza watu waliowaua ndugu zao wenyewe, wamevaa nyeusi, machoni wanatiririka uchafu, hata miungu inawakimbia. Mwisho wa igizo hawauawi. Mungu wa kike Athena anakaa nao anaongea nao muda mrefu, anawapa makazi chini ya mji na heshima ya kudumu, wanavalishwa mavazi mekundu na kusindikizwa kwa maandamano, na watu wa Athens wakiangalia walijua hayo mavazi, yanafanana na ya wageni wakaazi wa mji wao siku ya sikukuu kubwa. Wahenga wetu wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, naona Aeschylus angeielewa bila kutafsiriwa.

Haya, igizo lenu. Mi ningefanya hivi. Hadithi inasema zimwi limemeza kijiji, basi zimwi liwe kijiji. Anzeni na mtu mmoja amejifunika kiroba, mdogo, wala hatishi. Anammeza wa kwanza: yaani anamfunika, huyo anaingia chini ya kiroba naye anakuwa mwili wa zimwi. Wa pili anaingia, wa tatu, mnaongeza viroba na salfeti za mahindi mlizoshona pamoja tangu nyumbani, zimwi linakua mbele ya macho ya watu mpaka linajaza uwanja, miguu kumi, ishirini, linatambaa. Halina uso wa mtu yeyote. Na likifika wakati wa kuongea linaongea kwa sauti za wote lililowameza, mmoja anaanza sentensi mwingine anamalizia, hapo mnaweza kuweka kile kipande cha Shylock kwa maneno yenu. Linataka nini? Nani alilinyima? Vijana waandike wenyewe. Mahafali mnafanyia nje, upepo wa huku unakula sauti, kwahiyo kila mstari wa zimwi usemwe na angalau watu watatu kwa pamoja, na ngoma zinyamaze kabisa hapo.

Bibi msimwondoe, mpeni nafasi, ila msimgeuze malaika pia, maana bibi mwema anayejua kila dawa naye ni sura ya kubandika. Awe mtu. Ana hasira zake, ana deni dukani, anajua kitu kimoja ambacho wengine hawajui kwasababu anakaa mwisho wa kijiji na ameliona zimwi likiwa bado dogo.

Kwenye mazoezi wabadilishane. National Theatre ya London mwaka 2011 walipopandisha Frankenstein, Benedict Cumberbatch na Jonny Lee Miller walikuwa wanapokezana, leo huyu ni muumbaji yule ni kiumbe, onyesho lingine wanageuza. Shujaa wako akae chini ya salfeti angalau wiki moja ya mazoezi na wa chini atoke ashike panga, utaona uchezaji wao unavyobadilika. Na yule anayeanza kama zimwi, yule wa kiroba cha kwanza, mlinde sana, shuleni jina la zimwi linaweza kumganda hadi amalize. Tumbo likishapasuliwa kila aliyemezwa atoke mmoja mmoja, asimame, ataje jina lake kamili na kijiji anachotoka, na huyo wa kwanza atoke wa mwisho ataje lake kwa sauti kubwa kuliko wote.

Salfeti zifueni mapema zianikwe, vumbi la mahindi linakohoza na mwenye pumu asikae katikati. Kipande cha zimwi kuongea kikiwa tayari nitumie kwa wasap nikisome, hata kama kimeandikwa kwa mkono piga picha tu.